Rukari: Kasri la nyasi lililochekwa na wanafunzi wangu

"Mwalimu, hii si nyakatsi tu?"

Swali hilo la mwanafunzi wangu wa kidato cha pili lilifuatiwa na kicheko cha darasa zima. Tulikuwa tumesimama mbele ya kasri la mfalme huko Rukari, mjini Nyanza, kilomita zipatazo 90 kusini mwa Kigali.

Sikumkemea. Hapa Rwanda nyakatsi ni nyumba ya nyasi, na tangu kampeni ya serikali ya kuziondoa, iliyopamba moto mwaka 2011, neno hilo limekuwa jina la umaskini. Familia nyingi zilihamia kwenye nyumba za mabati na hakuna anayetamani kurudi kwenye paa linalovuja. Je, mtoto aliyezaliwa miaka hiyo atajuaje kwamba nyasi hizo hizo ziliwahi kumfunika mfalme?

Mimi nililijua hilo ugenini. Nilizaliwa wilayani Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwaka 1961. Shuleni tulifundishwa habari za Mkwawa na Kinjeketile, nami nilizijibu vizuri kwenye mitihani. Habari za Rwanda nilizipata jioni kwa baba. Kila tulipopita karibu na msonge wa Wahaya, ile nyumba ya duara ambayo paa lake la nyasi hushuka hadi karibu na ardhi, alisema: "Ya mfalme wetu ni kama hiyo, ila kubwa zaidi."

Alifariki mwaka 1991 bila kuiona tena. Sisi tulirudi mwaka 1997.

Nyumba isiyo na kona

Zamani wafalme wa Rwanda walikuwa wakihamahama na makao yao. Mwaka 1899, chini ya Mfalme Yuhi V Musinga, Nyanza ikawa makao ya kudumu. Kasri la nyasi tunaloliona leo Rukari si lile lenyewe la kale, bali limejengwa upya kwa ufundi wa jadi.

Ufundi wenyewe ni wa kusuka. Ukisimama ndani na kuinua macho unaona fito na matete yamefungwa duara juu ya duara, kana kwamba umefunikwa na kikapu kikubwa. Huoni mahali ukuta unapoishia na paa linapoanzia. Nguzo za miti hubeba uzito, mikeka imetandikwa chini, na sehemu za ndani zimetengwa kwa viambaza vya matete vilivyosukwa kwa nakshi.

Nyuma yake zipo nyumba mbili ndogo, moja ya maziwa na nyingine ya pombe. Mtembezaji wageni alitueleza kwamba ya maziwa ilitunzwa na msichana ambaye hajaolewa, na ya pombe na kijana ambaye hajaoa. Wanafunzi walicheka tena, lakini sasa maswali yakaanza kumiminika. Tulipofika kwa ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu ajabu, na mchungaji akaanza kuwaimbia, hakuna aliyecheka.

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba ya Mfalme Mutara III Rudahigwa, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hiyo ina kuta zilizonyooka, vyumba vya pembe nne na baraza. Wabelgiji walimwondoa Musinga madarakani mwaka 1931 wakamtawaza Rudahigwa, mwanawe. Musinga alifia uhamishoni Kongo mwaka 1944. Mfalme wa mwisho, Kigeli V Ndahindurwa, naye aliishi ukimbizini kwa miongo mingi, akafariki Marekani mwaka 2016, na mwaka uliofuata akazikwa Mwima, hapo hapo Nyanza. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba hata wafalme walikuwa wakimbizi, nilikuwa nikimfikiria baba.

Nani atasuka tena?

"Sasa kama si lile lenyewe, tumekuja kuona nini?" aliuliza binti mmoja.

Swali lake lilikuwa la haki. Mtembezaji wageni alijibu kwamba nyasi huoza, hivyo paa la namna hii halina budi kuezekwa upya kila mara. Hata enzi za Musinga ilikuwa hivyo. Kinachodumu si nyasi, ni ujuzi wa mikono.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Ujuzi huo haukuishi kwa wafalme peke yao. Uliishi vijijini, kwa wazee walioezeka nyumba za majirani zao. Nyumba hizo zimeondoka, na ilibidi ziondoke. Lakini je, tumewauliza wazee hao walichokuwa wakikijua kabla nao hawajaondoka?

Tukiwa kwenye basi, yule kijana aliyeuliza swali la kwanza alikuja kukaa karibu nami.

"Mwalimu, babu yangu alikuwa fundi wa kuezeka," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kusema mbele ya wenzangu."

Nilimwambia amwombe babu aje shuleni kutufundisha. Walimu wenzangu, mkiwapeleka watoto Rukari, msiishie langoni pa makumbusho. Waulizeni ni nani nyumbani kwao aliyewahi kuezeka, kisha mwalikeni.