Vichezeo vya zamani: tuondoe rangi bila kuleta sumu nyumbani



Likizo hii chama chetu kilipokea mfuko wa vichezeo vilivyokwisha kutumika. Ndani mlikuwa na vigari vya mbao, wanyama wa chuma, wanasesere wa plastiki na vijiaskari vidogo vya urefu wa kidole gumba. Rangi zao zilikuwa zimebanduka. Tukapatana kuvisafisha, kuvipaka rangi mpya na kuvigawia watoto wadogo mbele ya shule kufunguliwa.

Mimi nilichukua kigari kimoja, nikakaa chini ya mwembe, nikaanza kukisugua na msasa mkavu. Vumbi la njano likaruka. Mjukuu wangu alikuwa ameketi karibu nami, anakula muhogo. Akapita jirani ambaye alipaka rangi mitumbwi na milango miaka mingi. Alisimama, akaniomba niache kwanza, akaniuliza kama najua kilichomo ndani ya rangi ile. Sikujua. Muhogo ule tukautupa, mtoto nikamnawisha mikono na uso. Tangu siku ile nimeuliza na kusoma, na niliyopata nawaletea leo.

Risasi ya aina nyingine

Kwa lugha yetu, neno risasi lina maana mbili. Moja tunaijua sana hapa Fizi, wala haihitaji maelezo. Ya pili ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Kwa miaka mingi viwanda vimeyatia katika rangi ili ikauke upesi, ing'ae na idumu. Njano na nyekundu kali, na ile rangi ya machungwa inayopakwa chumani kuzuia kutu, ndizo zinazotiliwa shaka zaidi. Marekani ilikataza rangi ya namna hiyo kwa nyumba na vichezeo mwaka 1978, lakini nchi nyingi zilichelewa, na nyingine bado hazina sheria.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hunyonya mara 4 au 5 kupita mwili wa mtu mzima. Risasi hupunguza damu na kuharibu ubongo unaokua, mtoto akawa mzito wa kujifunza. Kwa mama, hujificha ndani ya mifupa miaka na miaka, na akipata mimba hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Haina harufu, na kwa macho huwezi kuitambua katika rangi. Kwa hiyo rangi yote ya zamani tuihesabu kuwa na risasi.

Kwanza, jua kitu kimetengenezwa na nini

Huko Ulaya wako watu wazima wanaocheza michezo ya vita mezani kwa vijiaskari vidogo. Wengi hununua vilivyotumika, wakaondoa rangi ya zamani na kupaka upya. Askari wa zamani walikuwa wa risasi yenyewe. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kuwatengeneza wakiwa na uwazi ndani. Siku hizi wengi ni wa plastiki. Kanuni ya wachezaji hao inatufaa na sisi: dawa inayofaa kitu kimoja huharibu kingine.

Chukua sumaku. Ikishika, ni chuma. Isiposhika na kitu ni chepesi, huenda ni alumini, kama sufuria zetu. Kikiwa kizito kupita ukubwa wake, kikwaruze kidogo juu ya karatasi mahali pasipo na rangi. Kikiacha alama ya kijivu kama kalamu ya risasi, basi huenda ni risasi kweli. Hicho usikisafishe wala usikipake rangi. Kitoe mikononi mwa watoto, kisha unawe kwa sabuni.

Plastiki

Mimina Dettol isiyochanganywa na maji ndani ya chombo chenye kifuniko, tumbukiza kichezeo, kiache usiku kucha. Vaa glavu, sugua na mswaki wa zamani. Suuza kwanza kwa Dettol nyingine kidogo, ndipo utie maji na sabuni. Ukiharakisha maji, rangi hugeuka kuwa kama ubani uliotafunwa na haitoki tena. Usitumie esansi. Huyeyusha plastiki nyingi, na ndani ya nyumba yenye taa ya moto inaweza kuwaka yote.

Chuma

Hapa wamama wanaopika sabuni ya mawese watanielewa upesi, kwa kuwa soda yao huondoa rangi pia. Tia vijiko 2 vya chakula katika lita 1 ya maji baridi, ndani ya ndoo ya plastiki. Sikuzote soda ndiyo inatiwa ndani ya maji. Ukimimina maji juu ya soda, yatachemka na kukurukia usoni. Tumbukiza chuma, funika, ngoja mpaka kesho, kisha sugua chini ya maji huku umevaa glavu na miwani. Usitie alumini humo hata kidogo, wala usitumie sufuria ya alumini. Soda huila, hutoa joto na hewa inayowaka.

Soda ikikugusa ngozi au jicho, mimina maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akiinywa, usimtapishe, maana itamchoma mara ya pili ikirudi. Mpanguse kinywa, mkimbize kituo cha afya. Na kwa hiyo nawasihi, soda isikae kamwe ndani ya chupa ya fanta au ya maji.

Mbao

Soda hufanya mbao iwe nyeusi na kuinua nyuzi zake. Lowesha mbao kwa maji ya sabuni, sugua kwa msasa uliolowa, panguza kwa kitambaa, lowesha tena. Vumbi likibaki na maji haliruki. Fanya kazi nje, watoto wakiwa mbali, juu ya karatasi ya plastiki utakayokunja na kutupa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kichezeo ambacho mtoto mchanga hukitia kinywani, mimi nasema usihangaike nacho. Kitupe.

Usichome rangi kwa moto, wala usipikie ugali kwa kuni za mlango uliopakwa au mbao za mtumbwi wa zamani. Rangi inaungua, risasi haiungui. Inapanda na moshi na kubaki katika majivu, na majivu hayo wengi wetu tunasugulia sufuria au kuchujia magadi ya kupikia mboga.

Takataka za kazi hii zitie ndani ya bidoni mbovu lenye kifuniko, lizikwe mbali na kisima, shamba na ziwa. Ziwa Tanganyika ndilo linalotupa ndagala, na ndilo watu wengi wanalochota.

Rangi isiyoondolewa

Kuna na vitu vya wazee. Kinyago cha alunga cha Wabembe, chenye nyuso mbili, hupakwa weupe kuzunguka macho. Ukikuta kitu cha namna hiyo katika sanduku la babu, usikisugue na usikioshe. Rangi yake ya zamani ni sehemu ya habari yake. Uliza wazee mbele ya kugusa.

Katika mfuko wetu, wanasesere na wanyama wa chuma wamesafishwa na kupakwa upya, na watagawiwa. Vijiaskari viwili viliacha alama ya kijivu karatasini, tukavizika pamoja na takataka. Kigari changu cha njano nacho sikukimaliza. Kimezikwa humo humo, na seremala ameahidi kumtengenezea mjukuu wangu kingine cha mbao tupu, bila rangi yoyote.