Kuhama kwa Vichwa na Virai katika Sentensi

Mwanafunzi akiandika "kitabu Juma alichosoma", mwalimu humsahihisha aandike "kitabu alichosoma Juma". Lakini "kitabu ambacho Juma alisoma" huachwa bila alama ya kosa. Kwa nini kiima kikae nyuma ya kitenzi katika umbo moja na si katika jingine? Ikiwa jibu ni "ndivyo ilivyo", sarufi hugeuka kuwa orodha ya kukaririwa.

Sarufi zalishi, iliyoasisiwa na Noam Chomsky wa Marekani kwa kitabu chake cha mwaka 1957, hutafuta sababu. Kwa mujibu wa nadharia hii, kila kirai hujengwa juu ya neno kuu liitwalo kichwa: nomino katika kirai nomino, kitenzi katika kirai kitenzi. Kishazi nacho kina nafasi ya kichwa mwanzoni mwake, kabla ya kiima. Vichwa na virai huweza kuhama, ila kila kimoja kwa njia yake.

Kirai huhama kizima na huweza kwenda mbali. Mwingereza aulizapo kitu kilichosomwa, hupeleka kirai chote cha kuulizia mwanzoni mwa sentensi, Mswahili hukiacha mahali pake: "Juma alisoma kitabu gani?" Kichwa, kwa upande wake, huhama bila kuandamana na kirai chake, tena kwa hatua fupi. Mwaka 1984 Lisa Travis alieleza kwamba kichwa hakiwezi kukiruka kichwa kingine kilicho njiani.

Kwa msingi huo, mfano wa Juma hufafanuka. Penye "ambacho", neno hilo limekwisha kushika nafasi ya mwanzo wa kishazi, hivyo kitenzi hubaki baada ya kiima. Pasipo "ambacho", nafasi iko wazi: mzizi "-som-" huungana kwanza na kiambishi cha wakati "-li-", kisha kitenzi hupanda hadi nafasi hiyo, kikamwacha Juma nyuma. Basi si kiima kilichorudi nyuma, bali ni kitenzi kilichotangulia. Kosa la "kitabu ambacho Juma alichosoma" nalo hueleweka: ni wawili kugombea kiti kimoja.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2001 Chomsky mwenyewe alidokeza kwamba kuhama kwa vichwa huenda ni suala la matamshi kuliko la muundo wa sentensi. Darasani, hata hivyo, faida ni dhahiri: mwanafunzi aliyeelezwa sababu aweza kuisahihisha hata sentensi ambayo hajapata kufundishwa.