Visiwa Visivyojua Woga (2): Kutoka Galápagos hadi Makobe

Juma lililopita tuliona jinsi volkano zilivyoviinua visiwa vya Galápagos kutoka chini ya bahari, kilomita 1,000 hivi kutoka pwani ya Ekwado. Leo tulitazame lile linalomshangaza kila anayeshuka huko: wanyama hawakimbii.

Charles Darwin alipofika mwaka 1835 alimsukuma kipanga tawini kwa mdomo wa bunduki. Mabaharia nao waliwazoa kobe wakubwa kama watu waokotao kuni, wakawarundika melini wakiwa hai na kuwachinja mmoja mmoja safarini, maana kobe yule hustahimili miezi bila chakula wala maji.

Woga una gharama. Mnyama anayeacha malisho kila kivuli kinapopita hushinda na njaa. Penye chui, gharama hiyo inalipa. Galápagos hapakuwa na chui wala mbwa, hivyo kwa vizazi vingi aliyekimbia hakupata faida, na woga ukafifia katika damu. Ndiyo maana leo mgeni hutembea na mwongozaji, na hukatazwa kumsogelea mnyama chini ya mita 2.

Nawaandikia haya watu wa Mwanza kwa sababu sisi pia tunavyo visiwa vya namna hiyo, ila viumbe wake wako chini ya maji. Visiwa vyetu ni vya granaiti, wala si vya volkano, lakini kwa furu wa mawe kila kisiwa ni dunia kamili. Hawavuki kirahisi maji mapana yenye tope chini. Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Tangu lijae tena, furu wamegawanyika kuwa aina zaidi ya 500: wapo wanaokwangua mwani, wanaovunja konokono, wanaokula magamba ya wenzao, hata wanaopora mayai na vifaranga kinywani mwa mama. Ndege wa Darwin, wanaosifiwa dunia nzima, hawafiki aina 20!

Aina mojawapo ya furu hao ina jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu. Jike huchagua dume kwa rangi. Kwenye Kisiwa cha Makobe, upande wa Ghuba ya Speke, maji ni maangavu na aina hizo mbili hazichanganyiki. Ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, maji yakiwa mazito, rangi hazionekani vema na furu hao huzaliana wao kwa wao. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1997.

Sangara alipandwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na miaka ya 1980 akaijaza ghuba yetu. Furu walizoea kumkwepa kambare na mnandi. Adui mkubwa namna ile hawakuwahi kumwona. Aina nyingi za maji ya wazi zilitoweka. Wale wa mawe walisalimika zaidi kwa kujificha nyufani.

Tope, hata hivyo, huingia hadi nyufani. Kila mvua kubwa inaponyesha, Mto Mirongo hukusanya udongo wa vilimani na taka za mitaroni, ukazimwaga ziwani. Juma lijalo tutaufuata mto huo kutoka Mabatini hadi mdomoni.