Kubadili Chapa ya Kompyuta: Mambo ya Kuzingatia Kabla Mashine ya Zamani Haijaondoka

Kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi za kila siku katika kata za milimani. Makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa huandika humo hesabu za wanachama, walimu hutayarishia mitihani, na wenye maduka ya kuchapa na kutoa nakala huitumia kuwahudumia wananchi wanaoomba leseni, ajira na mikopo ya elimu ya juu. Mashine hiyo ikichakaa, mara nyingi inayopatikana badala yake si ya chapa ileile. Aliyezoea HP huuziwa Dell, aliyezoea Dell huletewa Lenovo na ndugu aliyeko Dar es Salaam, na wachache hupewa Mac ya kampuni ya Apple. Makala haya yanaeleza kinachobadilika, kisichobadilika, na hatua za kuchukua ili mabadiliko hayo yasimletee mwananchi hasara.

Kwa mkazi wa Shighatini jambo hili lina uzito wake. Chaja au kipuri kisipopatikana jirani, hutafutwa Mwanga mjini au Moshi, na kila safari ya kushuka mlimani ni nauli na siku nzima ya kazi. Kubwa zaidi ni kumbukumbu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mkopo wa aina hiyo kikipoteza hesabu zake, deni hubaki palepale, ila hakuna tena anayeweza kuonyesha ni mwanachama gani amekwisha kurejesha na ni yupi bado. Ugomvi wa namna hiyo huweza kukivunja kikundi.

Chapa na mfumo endeshi

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni chapa, yaani kampuni iliyounda mashine. La pili ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha mashine, kufungua mafaili na kuziendesha programu nyingine zote. HP, Dell, Lenovo na Acer kwa kawaida huuzwa zikiwa na mfumo endeshi mmoja, Windows ya kampuni ya Microsoft. Anayetoka HP kwenda Lenovo amebadili gamba. Ndani atakuta mpangilio anaoufahamu. Ni kama maji ya ndiva: mfereji ukichimbwa upya, maji yanayofika shambani ni yaleyale.

Apple ni habari nyingine, kwa kuwa mashine zake hutumia mfumo endeshi wake wenyewe uitwao macOS. Hapo aliyebadili chapa amebadili na mfumo, na yampasa ajipe muda zaidi wa kujifunza.

Walimu wengi nchini wamekwisha kuipitia hali hiyo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kukamilika. Aliyekuwa amezoea kompyuta ya Windows alijikuta mbele ya kioo cha kugusa kisicho na kipanya. Kazi ya kuandaa somo ilibaki kuwa ileile. Alichopaswa kujua ni mahali kila kitu kilipowekwa.

Vitufe na nenosiri

Mabadiliko madogo ndiyo huwasumbua watu zaidi, kwa sababu hakuna anayeyatarajia. Baadhi ya kompyuta zilizokwisha kutumika ziliundwa kwa soko la Uingereza, nyingine kwa soko la Marekani. Katika kibodi ya Marekani, alama ya @ hupatikana kwa kubonyeza Shift pamoja na tarakimu 2. Katika kibodi ya Uingereza, vitufe hivyo viwili hutoa alama ya kunukuu, na @ iko upande wa kulia, karibu na kitufe cha Enter. Tena mashine huweza kuwa na vitufe vya nchi moja huku Windows ikiwa imepangwa kwa nchi nyingine.

Mtu ambaye nenosiri lake lina alama ya @ ataliandika kama alivyozoea na kukataliwa. Kwa kuwa herufi zimefichwa kwa vitone, atadhani amelisahau. Atarudia mara kadhaa, na huenda akaunti yake ikafungwa kwa muda. Dawa yake ni rahisi: nenosiri liandikwe kwanza katika ukurasa mtupu ambako linaonekana, lihakikiwe, kisha lifutwe.

Katika kompyuta nyingi za Lenovo aina ya ThinkPad, kitufe cha pembeni kabisa chini kushoto ni Fn, ilhali katika chapa nyingine hapo huwa Ctrl. Anayetaka kunakili kwa Ctrl na C atabonyeza Fn na kuona hakuna kinachotokea. Mashine haijaharibika, kidole ndicho kilichokosea mlango. Katika Mac, kazi nyingi za Ctrl hufanywa na kitufe cha Command kilicho karibu na mwambaa wa nafasi.

Chaja

Chaja za chapa tofauti hazilingani, hata zikifanana kwa macho. Nyingi za HP na Dell hutoa volti 19.5, na nyingi za Lenovo volti 20, kila moja ikiwa na ncha yake. Dell nyingi zina sindano nyembamba katikati ya ncha, na kwa njia hiyo kompyuta huitambua chaja. Chaja isipotambuliwa, mashine huweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri na kufanya kazi polepole. Wengi hununua betri mpya kwa kosa lisilo la betri.

Mashine za miaka ya karibuni huchajiwa kwa tundu la USB-C, na chaja ya aina hiyo huweza kutumiwa na chapa zaidi ya moja iwapo nguvu yake inatosha. Kompyuta mpakato nyingi huhitaji takriban wati 45 hadi 65. Chaja ndogo ya simu haitoshi. Kwa mkazi wa milimani, ambako umeme hukatika na betri ndiyo tegemeo, ni busara kuuliza habari za chaja kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Kukagua mashine iliyokwisha kutumika

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki, ila haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Inayofuata, Windows 11, hudai kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache, kizazi cha 8 au zaidi.

Kizazi husomeka katika jina la prosesa. Tarakimu moja au mbili za kwanza baada ya kistari ndizo zenye habari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Muuzaji akisema tu kwamba mashine ni «Core i5», hajasema jambo la kumsaidia mnunuzi. Aombwe aiwashe na kuonyesha jina lote.

Mac iliyokwisha kutumika ina hatari yake. Mwenye mali wa kwanza asipoiondoa katika akaunti yake ya Apple, mnunuzi huweza kuifuta na kuiwasha upya, kisha akaambiwa aweke nenosiri asilolijua. Muuzaji ajiondoe mbele ya mnunuzi, kabla fedha hazijatolewa. Risiti idaiwe kwa chapa yoyote, kwani ndiyo uthibitisho kwamba mali haikuibwa.

Hatua za kuhama

1. Kuorodhesha programu zinazotumika. Mafaili ya Word na Excel hufunguka katika Windows na Mac pia, iwapo programu inayofaa imewekwa. Programu ya hesabu iliyoundwa kwa ajili ya Windows pekee haitafanya kazi moja kwa moja katika Mac. Hilo lijulikane kabla ya kununua.

2. Kutoa nakala mbili za mafaili yote, moja katika flashi au diski ya nje, nyingine mahali tofauti, kama vile kwa mweka hazina au katika hifadhi ya mtandaoni. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa NTFS husomeka katika Mac, lakini kwa kawaida Mac haiwezi kuandika juu yake. Mtindo wa exFAT hukubaliwa na pande zote mbili.

3. Kukusanya manenosiri. Wengi hawayajui manenosiri yao, kwa kuwa kivinjari cha kompyuta ya zamani ndicho kinachoyakumbuka. Yatazamwe humo, yahamishwe na kuhifadhiwa mahali salama. Ihakikishwe pia kwamba namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa katika kila akaunti bado zinatumika.

4. Kuhifadhi ufunguo wa diski. Baadhi ya kompyuta za Windows hufunga diski kwa usimbaji uitwao BitLocker. Diski hiyo ikichomolewa na kupachikwa katika mashine nyingine, itadai ufunguo wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Fundi hana njia ya kuuzunguka.

5. Kutambua leseni zisizohamishika. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hubaki na kompyuta hiyo. Programu iliyolipiwa kupitia akaunti ya mtu kwa kawaida huweza kuwekwa tena katika mashine mpya.

6. Kujaribu. Kila faili muhimu lifunguliwe katika mashine mpya, jumla za hesabu zilinganishwe na za zamani, na ukurasa mmoja uchapishwe. Printa mara nyingi hudai programu yake iwekwe upya.

Huduma za Serikali mtandaoni

Wananchi huuliza iwapo chapa mpya itawafungia huduma za Serikali. Jibu ni hapana. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, zabuni kupitia NeST, ajira kupitia Ajira Portal, na mikopo ya wanafunzi kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo. Yote hiyo hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti, na taarifa za mwombaji hukaa katika mitambo ya Serikali. Anayeingia kwa HP leo anaweza kuingia kwa Mac kesho na kuikuta akaunti yake vilevile. Namba ya kumbukumbu ya malipo nayo haitegemei mashine iliyotumika kuiomba.

Kinachoweza kumkwamisha ni nenosiri lililosahaulika au laini ya simu iliyopotea, kwa kuwa mifumo mingi hutuma namba ya uthibitisho katika simu iliyosajiliwa. Viambatisho pia, kama vyeti vilivyopigwa skana, vikibaki katika kompyuta ya zamani, mwombaji hulazimika kuanza upya, pengine siku ya mwisho ya maombi.

Mashine ya zamani

Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, kwani fundi mwenye programu ya kawaida huweza kuyarudisha. Katika Windows 10 na 11, sehemu ya mipangilio ina huduma ya kuirudisha kompyuta katika hali ya awali. Ndani yake ichaguliwe njia ya kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Kompyuta isiyowaka ichomolewe diski kabla ya kuuzwa.

Hili si suala la tahadhari ya mtu binafsi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde. Duka la kutoa nakala lenye picha za vitambulisho vya mamia ya wateja, au kikundi chenye namba za simu na madeni ya wanachama, kinauza siri za wengine kikiuza mashine isiyosafishwa. Betri iliyovimba nayo isichomwe moto wala kutupwa kwenye mfereji. Hulipuka, na sumu yake huingia katika maji ya watu na mifugo.

Usafishaji huo usifanywe kwa haraka. Kompyuta ya zamani ikae walau mwezi mmoja baada ya mpya kuanza kazi, muda unaotosha kugundua faili lililosahaulika. Kwa kikundi, wakati unaofaa ni kikao cha mwezi: katibu afungue hesabu katika mashine mpya, asome salio la kila mwanachama kwa sauti, na kila mmoja alilinganishe na kijitabu chake. Salio zote zikikubaliana na kumbukumbu zikitiwa saini, mashine ya zamani inaweza kufutwa na kuuzwa.