Sungura wa Sufu na Sungura wa Nyama: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Chama Kuanza Ufugaji

Ushirika wa wakulima wa Kanda ya Ziwa ulianzia kwenye mzani. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa wakati wa kupima mazao yao, wakajiunga katika vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Funzo walilotuachia wazee hao ni kwamba mkulima hana budi kujua nani atapima na nani atanunua, kabla hajatoa jasho lake. Funzo hilo lahusu pia mradi mdogo kama wa kufuga sungura, na hasa sungura wa sufu aitwaye Angora, ambaye sifa zake zaweza kukishawishi chama kukopa fedha kabla ya kumfahamu vema.

Angora ni mnyama wa namna gani

Angora ni jina la zamani la mji wa Ankara, nchini Uturuki. Sungura huyu asichanganywe na mbuzi wa Angora, ambaye sufu yake huitwa moheri. Amefugwa kwa miaka mingi Ufaransa na katika nchi nyingine za Ulaya, na baadaye Uchina ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote. Sufu yake ni laini, ni nyepesi, na hutunza joto kuliko sufu ya kondoo. Huvunwa kila baada ya miezi 3 hivi. Sungura wa mbegu bora aliyelishwa vizuri aweza kutoa kilo 1 ya sufu kwa mwaka. Sungura wa mfugaji anayeanza asitazamiwe kufikia kiasi hicho.

Sufu hiyo ina gharama yake. Isipochanwa angalau mara moja kwa juma hufungamana kama mkeka, na ngozi iliyo chini yake huota vidonda. Aidha, sungura hujilamba kama paka, lakini hana uwezo wa kutapika. Sufu aliyoimeza yaweza kuziba tumbo lake, akaacha kula na kufa. Kwa hiyo Angora hawezi kuachiwa watoto wamtupie majani jioni. Ataka mkono wa mtu mzima mwenye subira, juma baada ya juma.

Tatizo la pili ni joto. Sungura hatoi jasho kama binadamu. Hupoza mwili wake kwa masikio na kwa kuhema. Hustawi katika hewa ya ubaridi wa wastani, na joto likizidi nyuzi 30 za Sentigredi huwa hatarini. Mwanza ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini alasiri nyingi joto hukaribia kiwango hicho. Sungura wa kawaida akiwa kivulini hustahimili. Angora aliyevaa sufu ya miezi 3 ni kama mtu aliyevikwa blanketi juani.

Kwa sababu hizo, mwanachama anayeanza yafaa aanze na sungura wa nyama: majike 2 na dume 1, wasiotoka katika uzao mmoja. Sungura weupe wa aina ya New Zealand, au wa California, au machotara wao, wanafaa. Akiisha kuwamudu hao kwa mwaka mzima, ndipo afikirie Angora.

Banda

Kila sungura mzima apewe chumba chake. Urefu wa sentimeta 90, upana wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 50 hutosha kwa jike na watoto wake. Banda lisimame juu ya miguu ya kimo cha meta 1 hivi, na sakafu iwe ya wavu imara au ya fito zilizoachana kidogo, ili mavi na mkojo vianguke chini. Makopo yenye maji na oili chafu chini ya kila mguu huzuia siafu, ambao waweza kumaliza watoto wote kwa usiku mmoja. Mlango ufungwe barabara dhidi ya paka, vicheche na nyoka.

Paa la nyasi ni bora kuliko la bati, kwa kuwa halipitishi joto upesi. Kadhalika, banda lisijengwe ubavuni mwa yale majabali makubwa yaliyotapakaa Mwanza. Jabali hupata joto mchana kutwa na kuendelea kulitoa usiku, wakati ambapo mnyama angepaswa kupumzika. Upepo wa ziwa ni neema, mradi usimpige mnyama moja kwa moja wala kuleta mvua ndani.

Malisho

Kumfuga mnyama ndani na kumletea majani si jambo geni katika ziwa hili. Wakulima wa kisiwa cha Ukara wamejulikana tangu zamani kwa kufunga ng'ombe wao ndani, kuwakatia majani na kutumia samadi kurutubisha mashamba. Mfugaji wa sungura hufuata njia hiyo hiyo, ila kwa mnyama mdogo.

Majani ya viazi vitamu, mabingobingo machanga, mchicha wa porini na nyasi kavu ni chakula kizuri. Majani mabichi yakatwe na kuachwa yanyauke kwanza, kwani majani yenye umande huvimbisha tumbo. Nyasi kavu zisikosekane kamwe. Husaga meno, ambayo kwa sungura hayaachi kuota, na husukuma sufu iliyomezwa. Maji safi yawepo usiku na mchana.

Mambo mawili yataka tahadhari katika mikoa yetu. La kwanza ni mashudu ya pamba. Ng'ombe huyatumia vizuri, lakini yana sumu iitwayo gosipoli ambayo sungura haistahimili. Afadhali mashudu ya alizeti na pumba. La pili ni majani ya mlusina. Yana lishe nyingi, lakini yakizidi huwapukutisha wanyama manyoya. Anayefuga Angora kwa ajili ya sufu huelewa mara moja hasara yake.

Kuzalisha

Jike apandishwe akifikia miezi 6. Apelekwe yeye chumbani kwa dume, wala si dume kwake, kwa sababu jike hulinda makazi yake na aweza kumjeruhi mgeni. Tarehe iandikwe. Mimba huchukua siku 31, ikipungua au kuzidi kidogo. Siku ya 28 awekewe sanduku la kuzalia lenye nyasi laini kavu. Atang'oa manyoya ya kifuani mwake na kulitandika mwenyewe.

Watoto huzaliwa uchi na vipofu, na macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 12. Mfugaji mgeni huingiwa na hofu aonapo mama hakai nao. Hiyo ndiyo desturi yake: hunyonyesha mara 1 au 2 kwa siku, kwa dakika chache tu. Waliokufa waondolewe, waliobaki waachwe wapumzike. Waachishwe kunyonya wakiwa na majuma 6 hadi 8, kisha madume na majike watenganishwe kabla ya miezi 4. Uzao 4 kwa mwaka humtosha jike.

Kwa Angora kuna kazi ya ziada. Mama anyolewe sufu ndefu ya tumbo na kifua kabla ya kuzaa, la sivyo yaweza kuwanyonga watoto wake kiotani.

Magonjwa

Ugonjwa unaoua watoto wengi ni kuhara kunakosababishwa na vijidudu vya koksidia, na kinga yake ya kwanza ni sakafu kavu na safi. Magamba ndani ya masikio ni dalili ya upele. Masikio hulainishwa kwa matone ya mafuta ya kula, na wote waliokaa pamoja hutibiwa. Sungura mgeni atengwe kwa majuma 3. Dawa zisitolewe kwa kubahatisha: amoksilini au penisilini ikipewa kwa mdomo huharibu mfumo wa tumbo la sungura na aweza kufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Afisa Mifugo wa kata aulizwe kwanza.

Hesabu ya chama

Majike 2 wakizaa mara 4 kwa mwaka, na kila uzao ukikuza watoto 5, mfugaji hupata sungura 40. Wakichinjwa wakiwa na uzito wa kilo 2, hutoa nyama inayokaribia kilo 40, pamoja na samadi kwa bustani. Hata hivyo soko lake lipimwe kwa uaminifu. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika sehemu kadhaa za ziwa, hawali nyama ya sungura, na mradi usihesabu nyumba hizo kuwa wanunuzi.

Angora 3, hata wakitunzwa kwa ustadi wote, hawatazidi kilo 3 za sufu kwa mwaka. Pamba ina vinu vya kuichambua. Vinu hivyo haviwezi kutumika kwa sufu. Chama kitakachoanza kitapaswa kuisokota kwa mkono, ikichanganywa na sufu ya kondoo kwa kuwa peke yake huteleza, na kutafuta wateja wa mavazi ya joto katika sehemu za baridi. Kazi hiyo inawezekana, lakini mnunuzi apatikane kwanza, kwa maandishi, kisha mkopo ujadiliwe.

Tofauti kubwa ya wanyama hawa wawili ni hii: mnunuzi wa nyama asipofika, familia hula; mnunuzi wa sufu asipofika, deni hubaki na magunia hubaki. Mkutano mkuu wa chama ukilizingatia hilo kabla ya kupiga kura, wanachama watakuwa wameuheshimu ule mzani ambao kwa ajili yake ushirika wao uliundwa.