‘Kadiri… ndivyo…’ ni hisabati pia

Walimu wengi wa Kitale na Bungoma husomea shahada zao wakati wa likizo. Aprili, Agosti na Desemba, kazi ya muhula mzima hubanwa katika majuma machache. Hapo ndipo milinganyo ya mabadiliko huwatoa jasho. Mtu hukariri hatua usiku kucha. Mtihani ukipita, zimeyeyuka. Naye ndiye atakayerudi darasani kuwafundisha watoto wetu.

Naamini sehemu ya tatizo ni lugha. Mlinganyo tuliouzoea shuleni hutafuta namba: x ni ngapi? Mlinganyo wa mabadiliko hautafuti namba moja. Hutupa kasi ya kitu kubadilika, kisha hututaka tueleze mwenendo wake wote.

Chukua mfano wa chai. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Tuseme chai kikombeni ina nyuzi 90 na chumba kina nyuzi 20. Tofauti ni 70. Kanuni ya Isaac Newton yasema kwamba kadiri tofauti hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo chai inavyopoa kwa kasi. Ikiwa baada ya dakika 10 tofauti imeshuka hadi 35, dakika 10 zinazofuata itashuka hadi 17.5, si sufuri. Chai itabaki na nyuzi 37.5.

Umeona, msomaji? Muundo wa ‘kadiri… ndivyo…’ tunaoufundisha katika sarufi ndio kiini cha mlinganyo huo. Hisabati huongeza kipimo tu: tofauti ikipungua nusu, kasi nayo hupungua nusu.

Istilahi nazo zichunguzwe. Milinganyo hii huitwa ‘ya kawaida’, na mwanafunzi hudhani ni rahisi. Wapi! Maana yake ni kwamba mabadiliko hupimwa kwa kigeu huru kimoja tu, mathalani wakati. ‘Milinganyo ya kigeu huru kimoja’ ingemfaa zaidi. Mwaka 1990 TUKI ilitupa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hisabati ya vyuo vikuu nayo yastahili juhudi kama hizo.

Kwa sasa, mwalimu, kabla ya kuanza kukokotoa, usome mlinganyo wako kwa sentensi kamili ya Kiswahili: nini kinabadilika, kwa kasi gani, na kasi hiyo inategemea nini? Ukikwama hapo, usikimbilie hatua. Bado hujauelewa.