Mtu Aliyetaka Kuruka kama Mwewe

Mwewe akizunguka juu ya kijiji, kuku huwaita vifaranga wake, na watoto hupiga kelele ili kumfukuza. Katika ghasia hiyo ni wachache waonao jambo la ajabu, kwamba mwewe hapigi mabawa. Ameyanyosha tu, naye anazidi kupanda, mpaka aonekana kama doa dogo mbinguni.

Jambo hilo lilimshughulisha mtu mmoja wa nchi ya Italia kwa miaka mingi. Jina lake aliitwa Leonardo, naye alizaliwa mwaka wa 1452 karibu na mji mdogo wa Vinci. Ndiyo sababu hujulikana kama Leonardo da Vinci. Watu wa zamani zake walimsifu kwa picha zake za rangi. Lakini alikuwa na madaftari pia, na humo alichora kila kitu alichotaka kukifahamu: maji yaendayo kwa nguvu, mifupa ya mtu, magurudumu, mizinga na ndege. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilitoka kuume kwenda kushoto, zimepinduka, hata asomaye hutafuta kioo.

Yapata mwaka wa 1488, alipokuwa akimtumikia mtawala wa mji wa Milan, alichora vyombo vya kumchukua mtu angani. Katika kimoja, mtu amelala kifudifudi juu ya ubao, na miguu yake imetiwa katika vikuku kama vya mpanda farasi. Akisukuma kwa mguu mmoja, kamba zapita katika kapi na mabawa yashuka. Akisukuma kwa mguu wa pili, mabawa yapanda. Mabawa yenyewe aliyaiga kwa popo, maana manyoya ya ndege hupitisha upepo, lakini ngozi ya popo ni kitu kimoja kisicho na tundu.

Chombo kingine chachekesha kidogo. Mtu amesimama ndani ya kitu mfano wa bakuli kubwa, akiendesha mabawa manne kwa mikono, kwa miguu, na hata kwa kichwa. Chini ya bakuli ziko ngazi mbili. Ngazi za nini? Leonardo alijua habari za ndege mmoja afananaye na mbayuwayu, ambaye miguu yake ni mifupi mno, hata akitua chini ni shida kwake kuondoka tena, kwa kuwa mabawa yake hugonga ardhi. Basi akakipa chombo chake miguu mirefu ya ngazi, na hizo zivutwe juu kikiisha kuruka. Eropleni kubwa za siku hizi hukunja magurudumu yake vivyo hivyo.

Walakini Leonardo hakuwa mtu wa kuota ndoto tu. Alijua ya kuwa atakayepanda chombo kile aweza kufa. Kwa hiyo aliandika kwamba kijaribiwe juu ya ziwa, na mrukaji ajifunge kiunoni kiriba kirefu, asije akazama akianguka. Mahali pengine alijikumbusha kuziba chumba cha juu kwa mbao, na kusimama upande wa paa ambapo mafundi wa kanisa kuu la Milan wasingeweza kumwona. Mtu afanyaye kazi asiyoujua mwisho wake hapendi kutazamwa.

Kasoro ya vyombo hivyo ilikuwa katika mtu mwenyewe. Aliyewahi kumnyonyoa njiwa ajua jinsi nyama ya kifua chake ilivyo nene. Hiyo ndiyo nyama ivutayo mabawa. Mtu hana kifua cha namna hiyo, na mwili wake ni mzito. Mwitalia mwingine, Giovanni Borelli, aliyaeleza hayo wazi katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka wa 1680.

Lakini Leonardo alikuwa amekwisha kuanza kugeuza shauri lake. Yapata mwaka wa 1505 alijaza daftari dogo habari za ndege, na mwalimu wake mkubwa humo ni mwewe. Aliona kwamba mwewe hutafuta upepo upandao, akaulalia, na ya kuwa hugeuza mkia na ncha za mabawa ili asipinduke. Sasa hakuuliza tu mtu apate wapi nguvu ya kupiga mabawa. Aliuliza jinsi ya kukaa sawa juu ya upepo. Akaandika kwamba ndege wake mkubwa ataanza safari katika kilima cha Ceceri, karibu na mji wa Florence. Hakuna aliyeandika kwamba alimwona akiruka.

Leonardo alikufa katika nchi ya Ufaransa mwaka wa 1519, akamwachia madaftari yake mwanafunzi wake Francesco Melzi. Baadaye yalitawanyika. Lile dogo la habari za ndege halikupigwa chapa ila mwaka wa 1893, na kwa hiyo wengine walilazimika kuanza tangu mwanzo. Mdachi mmoja, Otto Lilienthal, alijifunza kwa korongo weupe, wale wafikao Afrika wakati wa baridi ya Ulaya. Aliruka mara nyingi kwa mabawa yasiyopigwa, akaanguka, akafa mwaka wa 1896. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walisoma maandiko yake, na tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa chombo chenye injini.

Na mtu kuruka kwa nguvu zake mwenyewe? Hilo nalo limekwisha kutendeka. Mwaka wa 1979 Mmarekani Bryan Allen alivuka bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, akikanyaga kama mpanda baisikeli kwa muda wa saa 2 na dakika 49, na miguu yake ikizungusha rafadha. Chombo chake kilikuwa na upana wa karibu mita 30 toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa, na uzito wake kilo 32 tu. Mabawa yake hayakupigwa hata mara moja.